Upepo Unaosomeka Simuni: Kipima Upepo Kisicho na Waya kwenye Mashua ya Matanga

Kipima upepo kinachofungwa kwenye ncha ya mlingoti na kutuma vipimo vyake kwa redio, bila waya wa kushuka hadi ndani ya chombo, sasa ni kifaa cha kawaida kwa wanaosafiri kwa matanga. Simu au tableti huvipokea vipimo hivyo, na programu huvionyesha kwenye kioo kwa tarakimu kubwa na kishale kinachozunguka. Mtu akiona tarakimu isiyolingana na upepo anaousikia shavuni, aghalabu hushuku mawasiliano kwanza: huzima Bluetooth na kuiwasha tena, hufuta programu na kuipakua upya, ilhali redio mara nyingi haina kosa lolote. Tarakimu ile imepita katika vifaa viwili au vitatu kabla ya kufika kiooni, na huenda kila kimoja kimefanya hesabu yake. Anayetaka kuitegemea baharini hana budi kujua ni kipi kilichopimwa, ni kipi kilichokokotolewa, na hesabu hiyo ilitumia taarifa zipi.

Juu ya mlingoti huwekwa mojawapo ya aina mbili za vihisi. Ya kwanza ni ya vikombe na kishale. Mwanafalaki wa Ireland, Thomas Romney Robinson, alibuni kipimo cha vikombe vinne mwaka 1846, na mwaka 1926 John Patterson wa Kanada akaonyesha ubora wa vikombe vitatu, ambavyo ndivyo vinavyoonekana milingotini hadi leo. Upepo ukivizungusha, kihisi huhesabu mizunguko na kukadiria kasi, na kishale huonyesha upepo unatoka upande gani wa mashua. Kifaa cha namna hii hutumia umeme kidogo sana, lakini sehemu zake zinazozunguka huchakaa, huganda chumvi, na ndege mmoja mzito akitua juu yake anaweza kukipinda kishale.

Aina ya pili haina kitu kinachozunguka. Hutuma milio ya sauti isiyosikika na sikio la binadamu kutoka upande mmoja wa kihisi hadi wa pili, kisha huirudisha. Sauti inayokwenda pamoja na upepo hufika mapema na inayokwenda kinyume chake huchelewa, na kutokana na tofauti hiyo ya muda kasi ya upepo hupatikana. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzijoto 20, na kasi hiyo hubadilika joto linapobadilika, lakini kwa kuwa safari hupimwa pande zote mbili, badiliko hilo hujifuta lenyewe katika hesabu. Kampuni ya Uhispania ya Calypso Instruments ni miongoni mwa wanaotengeneza vihisi vidogo vya aina hii vinavyotuma vipimo kwa Bluetooth. Udhaifu wake ni maji: tone lililoganda kwenye njia ya sauti linaweza kuharibu kipimo hadi lidondoke.

Aina zote mbili, hata hivyo, hupima kitu kimoja tu, nacho ni hewa inavyopita kwenye ncha ya mlingoti kwa kulinganisha na mashua yenyewe. Hakuna kihisi cha mlingotini ambacho peke yake hupima upepo unaovuma juu ya bahari. Mashua ikiwa imetia nanga, na mkondo wa maji ukiwa mdogo, mambo hayo mawili ni sawa. Ikianza kwenda, mwendo wake hujichanganya na upepo, na kinachosomeka ni mchanganyiko huo, ambao katika makala haya nitauita upepo wa chomboni. Upepo wenyewe, baada ya kuondoa mwendo wa mashua, nitauita upepo halisi. Mkanganyiko mwingi unaohusu programu za upepo huanzia kwenye tofauti hii, kwa hiyo inastahili kufanyiwa hesabu hadi mwisho.

Chukua mashua inayokwenda noti 6, noti moja ikiwa ni maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852, kwa saa. Kihisi kinasoma upepo wa chomboni wa noti 15 unaotoka digrii 30 kando ya omo, yaani sehemu ya mbele ya mashua. Ukiugawa upepo huo katika sehemu mbili, ile inayokuja moja kwa moja kutoka mbele ni noti 13, na ile inayopiga ubavuni ni noti 7.5. Mwendo wa mashua umeongeza sehemu ya mbele peke yake, basi ukitoa 6 katika 13 zinabaki 7. Ziunganishe tena 7 za mbele na 7.5 za ubavuni, na utapata kwamba upepo halisi ni wa noti 10 na robo, nao unatoka takriban digrii 47 kando ya omo. Kasi imepungua kwa karibu thuluthi na pembe imepanuka kwa digrii 17. Watu wawili waliokaa katika mashua moja, mmoja akiwa amefungua ukurasa wa upepo wa chomboni na mwenzake wa upepo halisi, watasoma tarakimu zilizotofautiana kiasi hicho, na wote wawili watakuwa sahihi.

Swali linalofuata ni muhimu zaidi: zile noti 6 zilitoka wapi? Mashua yenye kipima mwendo cha majini, yaani kigurudumu kidogo chini ya chombo kinachozungushwa na maji, hutoa mwendo wake ndani ya maji. Simu iliyo peke yake haina kipimo hicho. Inachojua ni mwendo wa GPS, ambao ni mwendo juu ya ardhi. Tuseme mashua yetu inakwenda noti 6 majini, na mkondo wa noti 2 unaisukuma kuelekea kulekule iendako. GPS itasoma 8. Programu itatoa 8 katika 13, zitabaki 5, na upepo halisi utasomeka noti 9 ukitoka takriban digrii 56. Kihisi ni kilekile na kipimo ni kilekile, lakini pembe ya upepo halisi imehama kwa digrii 9 kwa sababu tu chanzo cha mwendo kimebadilika.

Hakuna haja ya kutafuta iliyo ya uongo kati ya tarakimu hizo mbili. Ya kwanza ni upepo kwa kulinganisha na maji, ya pili ni upepo kwa kulinganisha na ardhi. Mashua huelea katika maji yanayohama pamoja nayo, kwa hiyo anayetafuta pembe nzuri ya kubishia, yaani kusonga mbele kwa zigizaga dhidi ya upepo, au anayelinganisha mwendo wake na jedwali la uwezo wa mashua katika kila pembe ya upepo, anahitaji ile ya kwanza. Anayelinganisha na utabiri wa hali ya hewa anahitaji ya pili, kwa kuwa utabiri hutolewa kwa kulinganisha na ardhi, na kwa kawaida kwa urefu wa mita 10 juu ya uso, si kwa urefu wa mlingoti wake. Programu nyingi huandika tu “upepo halisi” bila kusema ni upi, na hapo naona wabunifu wake wanawanyima watumiaji jambo la msingi. Ikiwa mipangilio ya programu inakuruhusu kuchagua chanzo cha mwendo, chaguo hilo si la pembeni. Lisome kabla ya jingine lolote.

Tofauti hii hugusa usalama pia, hasa mashua inapokwenda na upepo. Ikikimbia noti 7 mbele ya upepo wa noti 20, kihisi husoma 13, sitaha hutulia, na wasafiri huona hali ni njema. Siku wakilazimika kugeuka ghafla kuukabili upepo, labda kwa sababu mtu ameanguka majini, zile 13 hupanda hadi 25 hivi. Nguvu ya upepo juu ya tanga hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo tanga lililokuwa la kutosha litabeba mzigo unaokaribia mara nne. Kwa sababu hiyo, anayekwenda na upepo nyuma aache upepo halisi wazi kiooni, na uamuzi wa kupunguza tanga aufanye kwa tarakimu hiyo.

Ili kujua upepo unatoka upande gani wa dunia, na si upande gani wa mashua tu, inahitajika pia dira. Programu isiyo na dira hutumia mwelekeo wa GPS, ambao ni njia mashua inayopita. Huo sio mwelekeo wa omo, kwa kuwa mkondo na msukumo wa upepo huipeleka mashua kando, na mwendo ukiwa mdogo mwelekeo wa GPS huyumbayumba ovyo. Simu ina dira yake, lakini itafaa tu ikiwa simu imefungwa imara na kuelekezwa sawasawa na mashua, mbali na spika, chuma na nyaya zenye umeme mwingi. Vishikio vya simu vinavyonasa kwa sumaku vinaweza kuipotosha dira hiyo kabisa. Vipo vihisi vya mlingotini vyenye dira ndani yake, nami navipendelea, kwa sababu juu kule hakuna vyuma na sumaku nyingi za kuipotosha kama ilivyo karibu na sitaha.

Safari ya redio

Kihisi chenye Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4. Umbali kutoka nchani hadi kwa nahodha hauzidi mita ishirini hivi katika mashua nyingi, kwa hiyo umbali wenyewe si tatizo. Tatizo ni vizuizi. Maji hunyonya mawimbi hayo, na mwili wa binadamu, ambao sehemu yake kubwa ni maji, huyazuia vilevile: simu iliyo katika mfuko wa mbele wa mtu aliyeugeuzia mlingoti mgongo hupokea kidogo. Mlingoti wa nyuzi za kaboni hupitisha umeme, hivyo hutia kivuli cha redio nyuma yake kama ufanyavyo wa alumini. Chombo cha chuma hufunga mawimbi nje, ndiyo maana simu iliyosoma vizuri sitahani hunyamaza ikishushwa chumbani. Tena antena nyingi ndogo hutawanya nguvu yake zaidi kwa ubavuni kuliko kuelekea chini, kwa hiyo mtu aliyekaa chini kabisa ya mlingoti anaweza kupokea kwa udhaifu kuliko aliyekaa nyuma kwenye usukani.

Lipo pia jambo linalowasumbua wengi na ambalo halihusiani na nguvu ya mawimbi. Kihisi kisichounganishwa hujitangaza hewani kila baada ya muda mfupi ili simu ikione. Simu ikishajiunga nacho, vihisi vingi huacha kujitangaza, kwa kuwa vimeundwa kuhudumia simu moja kwa wakati mmoja. Simu ya pili itatafuta na haitaona kitu, na mwenye nayo ataamini kihisi kimekufa, kumbe programu iliyosahauliwa ikiwa wazi katika simu ya mwenzake ndiyo inayokishika. Aidha, vihisi hivi kwa kawaida huunganishwa ndani ya programu yenyewe badala ya orodha ya Bluetooth ya mipangilio ya simu, na katika matoleo mengi ya Android utafutaji hushindwa hadi ruhusa ihitajikayo itolewe. Kuanzia Android 6 hadi 11 ruhusa hiyo ilikuwa ya mahali, jambo lililowatatanisha watu ambao hawakuona uhusiano kati ya mahali na kipima upepo, na kuanzia Android 12 ikawekwa ruhusa ya peke yake ya vifaa vilivyo karibu.

Ikiwa simu kadhaa zinahitaji upepo uleule, njia bora ni kisanduku cha kuunganisha kinachopokea vipimo vya kihisi na kuvisambaza kwa Wi-Fi ya mashua. Hapo vipimo huvaa lugha ya vyombo vya baharini. Lugha ya zamani ni NMEA 0183, iliyotolewa mwaka 1983 na chama cha vifaa vya elektroniki vya baharini cha Marekani, na sentensi yake ya upepo, yaani mstari wa ujumbe unaobeba vipimo hivyo, huitwa MWV. Ndani ya sentensi hiyo kuna pembe, kasi, na herufi moja inayobeba uzito mkubwa: R ikimaanisha upepo wa chomboni, T ikimaanisha upepo halisi. Lugha ya baadaye, NMEA 2000, huubeba upepo katika ujumbe namba 130306, nayo ni makini zaidi, kwa sababu hutenganisha upepo halisi unaolinganishwa na maji na ule unaolinganishwa na ardhi.

Herufi ile ndiyo chanzo cha kasoro moja inayojirudia sana. Kisanduku hutuma sentensi ya R, kisha hukokotoa chenyewe na kutuma ya T, na programu isiyo makini huzionyesha zote mahali pamoja, hivyo tarakimu hurukaruka kati ya thamani mbili kila sekunde. Vivyo hivyo, programu inaweza kupokea upepo ambao tayari umeondolewa mwendo wa mashua, ikauondolea mwendo huo mara ya pili. Dawa ni moja: ukokotozi ufanyike katika kifaa kimoja tu, na vingine vyote vipeleke kipimo ghafi. Programu nzuri huwa na ukurasa unaoonyesha sentensi kama zilivyoingia, na dakika chache za kuusoma zinatosha kufichua mengi.

Kuhusu Wi-Fi yenyewe, itoshe kusema mambo mawili. Mtandao wa mashua mara nyingi hauna intaneti, na simu ikigundua hivyo inaweza kuuacha kimyakimya na kurudi kwenye data ya mtandao wa simu. Agiza simu ibaki. Na kwenye iPhone, tangu iOS 14, programu huomba ruhusa ya kufikia mtandao wa ndani. Mtu akiikataa ruhusa hiyo kwa haraka siku ya kwanza, programu haitapata upepo hata namba ya poti, yaani ya mlango wa mtandao ambao vipimo hupitia, ambayo kwa NMEA 0183 mara nyingi ni 10110, ikiwa imeandikwa bila kosa.

Tarakimu inayoyumba na tarakimu iliyoganda

Ncha ya mlingoti haitulii. Katika mlingoti wa mita 15, mashua ikiyumba digrii 10 kila upande kwa mzunguko wa sekunde 5, ncha hupita katikati ya safari yake kwa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, ambazo ni noti 6. Kihisi huzisoma kama upepo. Ndiyo maana programu huwa na kipimo cha kulainisha, kinachochukua wastani wa sekunde kadhaa. Bahari ikichafuka, wastani mrefu husaidia. Upepo ukiwa mwembamba na bahari shwari, wastani mrefu huficha badiliko ambalo nahodha angelitumia. Pembe nazo zinahitaji uangalifu wa namna yake: wastani wa digrii 359 na digrii 1 ni sifuri, lakini anayejumlisha na kugawa kwa mbili atapata 180, yaani upepo umehamia nyuma. Ikiwa programu yako inaruka vibaya kila upepo unapokuwa omoni kabisa au nyuma kabisa, hesabu ya namna hiyo ndiyo ya kushukiwa.

Iliyo mbaya kuliko tarakimu inayoyumba ni iliyoganda. Mawasiliano yakikatika, programu iliyoundwa vizuri hufuta tarakimu na kuweka vistari, na isiyoundwa vizuri huacha ya mwisho ikae kama vile ingali hai. Jaribio lake ni rahisi na lifanywe mashua ikiwa imefungwa: kata mawasiliano makusudi, kwa kuzima kisanduku cha kuunganisha au kuipeleka simu mbali na kihisi, kisha hesabu inapita muda gani kabla tarakimu haijaondoka. Programu inayoshikilia upepo wa zamani kwa nusu dakika bila onyo haifai kuaminiwa usiku, na kwangu hilo ni kosa lisilofidiwa na uzuri wowote wa michoro.

Simu yenyewe huwa kiungo dhaifu. Apple hueleza kwamba iPhone imekusudiwa kutumika penye joto la hewa la kati ya nyuzi 0 na 35, na kifaa kilichofungwa juani karibu na usukani, kioo kikiwa na mwanga wa juu kabisa na kikichajiwa wakati huohuo, hupita kiwango hicho upesi, kikafifisha mwanga na hatimaye kujizima. Matone ya maji hukigusa kioo kama kidole na kufungua kurasa ambazo hakuna aliyezitaka. Kivuli, kifuniko kisichopitisha maji na kufunga mguso wa kioo hutatua sehemu kubwa ya hayo.

Baada ya yote hayo kuwa sawa ndipo kihisi kirekebishwe pembe. Ni nadra kukifunga nchani kikaelekea omoni bila kupotoka hata digrii moja. Pita kwa kubisha, ukishikilia pembe ya karibu kabisa na upepo mwanzo upande mmoja na kisha upande wa pili, katika upepo uliotulia, na uandike pembe ya upepo wa chomboni kila upande. Zikisomeka digrii 28 na 34, kihisi kimepotoka digrii 3. Hakikisha mashua imelala, yaani imeinama ubavu, kiasi kilekile pande zote mbili, kwa sababu kulala nako hubana pembe: mashua ikilala digrii 25, upepo wa digrii 30 husomeka karibu 27 na nusu, isipokuwa kihisi kiwe na kipimo cha mlalo na kifanye masahihisho yake. Marekebisho hayo yaingizwe mahali pamoja tu. Yakiingizwa ndani ya kihisi na tena ndani ya programu, yatajumlishwa, na yakiingizwa ndani ya programu ya simu moja, simu ya pili inayosoma kihisi kilekile itaendelea kukosea digrii 3. Pale ambapo kihisi kinaruhusu kuhifadhi marekebisho ndani yake, huko ndiko pa kuyaweka, ili kila simu itakayounganishwa baadaye ipokee pembe iliyokwisha kusahihishwa.